Mama na Feza: Mali ya jamaa inahitaji funguo tatu



Vikundi vingi vya akiba viko karibu na siku ya kugawana. Wakati kama huu maswali yanafanana: feza hii tuipeleke wapi? Tununue kiwanja, tuongeze biashara, ao tuiweke kwa ajili ya minervali? Na wengine wanauliza hivi: matajiri wana watu wa kuwashauri juu ya mali yao, mtu wa hesabu, avoka, notari. Sisi wenye meza ya sokoni tuna nani?

Jibu la wiki hii ni kwamba sisi pia tunaweza kuwa nao, na tunawahitaji kuliko matajiri. Tajiri akipoteza nyumba moja anabaki na nyingine. Mama akipoteza ile moja, watoto wanalala kwa jirani.

Tuanze na kitu tunachokijua. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa wamama watatu, na hao si wa komite. Mwenye kulinda sanduku hana ufunguo, na mwenye ufunguo halindi sanduku. Hatukufanya hivyo kwa sababu tunawadharau wenzetu. Tulifanya hivyo ili hata siku mtu anapokuwa na shida kubwa, asijaribiwe. Na feza ikihesabiwa, inahesabiwa mbele ya wote.

Mali ya jamaa nayo ipangwe vilevile. Ufunguo wa kwanza ni wa mtu anayejua hesabu. Wa pili ni wa mtu anayejua sheria. Wa tatu ni wa mtu wa nyumbani. Hao watatu ndio timu yako ya mashauri. Sanduku lenyewe, yaani mali na karatasi zake, linabaki kwako na kwa bwana wako.

Kwa nini hesabu peke yake haitoshi

Mama anaweza kuweka akiba miaka 15, akajenga na bwana wake, akasomesha watoto, kisha akatolewa katika nyumba muda mfupi baada ya matanga. Tumeyaona hayo katika kartie zetu. Mara nyingi feza ilikuwepo. Kilichokosekana ni karatasi, ao mtu wa kusema sheria inasema nini.

Basi tuangalie sheria yenyewe. Sheria ya jamaa ya nchi yetu ni ya tarehe 1 Agosti 1987, nayo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Tuseme bibi na bwana walioana mbele ya eta-sivili, na siku ya ndoa hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali. Sheria inawaweka katika utaratibu ambao vitu walivyovipata kwa jasho lao tangu ndoa ni vya wote wawili. Kile ambacho kila mmoja alikuwa nacho mbele ya ndoa, ao alichorithi kwa wazazi wake, kinabaki chake.

Sasa tuseme walinunua kiwanja baada ya ndoa, wakajenga nyumba ya dola 12,000. Wana watoto 4. Bwana anakufa bila wosia. Mama yake angali hai, na ndugu zake wapo.

Kwanza, nusu ya nyumba si urithi. Dola 6,000 ni za mjane, kwa sababu ni jasho lake. Urithi ni ile nusu ya bwana, dola 6,000. Sehemu tatu kati ya nne za urithi huo ni za watoto: dola 4,500. Watoto wanagawana sawa, dola 1,125 kila mmoja, binti kama kijana. Sehemu moja inayobaki, dola 1,500, inagawanywa kwa makundi matatu: mjane 500, wazazi wa marehemu 500, ndugu zake 500.

Hesabuni pamoja. Mjane ana 6,500. Watoto wana 4,500. Wazazi na ndugu wa bwana, wote pamoja, wana 1,000 kati ya 12,000. Na zaidi ya hayo, sheria inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na bwana wake, pamoja na vyombo vyake.

Someni hesabu hiyo mara mbili katika kikundi. Kisha mkumbuke namna mambo yanavyopita kwetu: wajomba na mashemeji wanaketi kwenye matanga, wanasema kila kitu ni cha ndugu yao, na mama anatazama chini. Mama asiyeijua hesabu hii hana la kujibu. Na mama anayeijua lakini hana karatasi hana la kuonyesha. Ndiyo sababu tunahitaji watu watatu, si mmoja.

Ufunguo wa kwanza: mwenye hesabu

Huyu si lazima awe mtu wa benki. Anaweza kuwa katibu wa AVEC yenu, mtumishi wa kooperativi ya akiba, ao mwalimu anayejua kuandika mapato na matumizi. Kazi yake ni kukusaidia kufungua kaye moja ya mali ya jamaa.

Katika kaye hiyo andikeni vitu vinne. Kwanza, mali: kiwanja, nyumba, shamba, mashine ya kushona, mbuzi, akiba ya AVEC, feza iliyo katika simu. Pili, madeni, yale mnayodaiwa na yale mnayowadai wengine. Tatu, kila kitu kilipatikana lini, kwa feza ya nani, na karatasi yake iko wapi. Nne, mizigo inayokuja: minervali, kuzaa, paa la nyumba, wazazi wanaozeeka.

Kuandika wakati wa kupata kitu si jambo dogo. Kiwanja kilichonunuliwa mbele ya ndoa na kile kilichonunuliwa baada ya ndoa havifuati njia moja siku ya kugawa.

Mtu wa hesabu atakusaidia pia kutofautisha feza ya kesho na feza ya mbali. Franga ya Kongo ilipoanza mwaka 1998, dola moja ilikuwa karibu franga 1 na nusu. Leo dola moja inapita franga 2,000. Feza ya chumvi na ya usafiri inaweza kukaa katika franga. Lakini feza ya kumsomesha mtoto aliye leo katika mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, ukiiacha katika franga miaka 10, itakuwa imeliwa bila mwizi kuingia. Iweke katika dola, ao katika kitu kinachoshika bei ao kinachozaa: bidhaa zinazozunguka, mifugo, kiwanja chenye karatasi.

Tena msiweke yote mahali pamoja. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mabenki ya Goma yalifunga milango, na ya Bukavu yakafuata. Waliokuwa na kila kitu benki walihangaika kupata hata feza ya unga. Lakini waliokuwa na kila kitu ndani ya nyumba nao waliogopa kila usiku. Sehemu katika kikundi, sehemu benki ao katika simu, sehemu katika biashara, sehemu katika ardhi: ndiyo namna ya kulala.

Ufunguo wa pili: mwenye sheria

Hapa ni avoka na notari. Usiogope majina hayo. Baro ya maavoka ina ofisi ya mashauri ya bure kwa wasiokuwa na uwezo. Kaulizeni kwenye tribinali ya mji wenu. Tena kikundi cha wamama 25 kinaweza kumwalika avoka mara moja, kila mama akatoa kidogo, na wote wakasikia.

Mambo ya kumuuliza ni haya.

Ndoa. Harusi ya kanisa peke yake haitoshi mbele ya tribinali. Harusi ya mila ni ndoa, lakini inapaswa kuandikishwa kwa eta-sivili. Kama mahari ilitolewa miaka 12 iliyopita na hamkuandikisha, bado mnaweza kuandikisha. Bila karatasi hiyo, siku ya matanga watasema wewe ulikuwa mgeni wa nyumba.

Watoto. Mtoto aandikwe kwa eta-sivili katika siku 90 tangu kuzaliwa. Na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anarithi kwa baba yake sawa na wengine, lakini baba awe amemtambua kisheria angali hai. Wamama wanaolea peke yao, neno hili ni lenu. Msingoje baba awe mgonjwa.

Kiwanja. Karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya shefu wa kartie ni ushahidi mzuri, lakini si hati ya mwisho. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, haki ya kiwanja inashikwa na sertifika inayotolewa na konservateri wa hati za mali isiyohamishika. Ulizeni kama majina yenu mawili yanaweza kuandikwa humo. Na mjue hili: mtu akijiandikishia sertifika kwa ujanja, muda wa kuivunja ni miaka 2. Ukipita, unabaki kudai fidia tu, na kiwanja kimekwenda. Mama anayelia miaka 3 pasipo kwenda tribinali anaweza kukuta mlango umefungwa.

Wosia. Wosia unaweza kufanywa mbele ya notari ao mbele ya ofisa wa eta-sivili. Unaweza pia kuandikwa kwa mkono wa mwenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho, ukawa na tarehe na sahihi yake. Ukipigwa kwa mashine halafu ukatiwa sahihi tu nyumbani, unaweza kukataliwa. Wosia hauwezi kufuta haki ya watoto, lakini unaweza kusema nani atasimamia kugawa mali. Pasipo wosia, kazi hiyo inakwenda kwa mrithi mwenye umri mkubwa ao kwa yule warithi watakayemchagua. Katika nyumba yenu huyo angekuwa nani? Ukishtuka kwa kufikiri jina lake, basi mmeona faida ya wosia.

Tena kumbukeni: tangu marekebisho ya 2016, bibi hahitaji tena ruhusa ya bwana ili afanye mapatano ya kisheria kwa jina lake, kama ilivyokuwa katika sheria ya 1987. Bado sheria inataka watu wa ndoa wapatane juu ya mambo makubwa ya nyumba yao. Lakini ofisi ikikuambia urudi na barua ya bwana kwa sababu wewe ni mwanamke tu, muulize avoka.

Ufunguo wa tatu: mtu wa nyumbani

Huu ndio mgumu kuliko yote. Mtu wa kwanza wa nyumbani ni bwana mwenyewe. Wamama wengi wanaogopa kuanza mazungumzo haya, kwa sababu bwana anaweza kufikiri kwamba wanamtakia kifo, ao wanajiandaa kukimbia. Na mashemeji wakisikia, maneno yanazaa maneno.

Msianze na kifo. Anzeni na watoto. Chagueni siku ya utulivu, si siku ya deni wala siku ya ugomvi. Mama anaweza kusema hivi: «Baba wa watoto, tumetoka jasho pamoja. Watoto wetu wakiulizwa kesho kiwanja hiki ni cha nani, wataonyesha karatasi gani?» Neno hilo halimtoi bwana katika nafasi yake. Linamweka kwenye kazi ya baba. Na kama anasikiliza zaidi mwanaume mwenzake, mtafute mzee wa kanisa ao wa msikiti, ao ndugu yake mwenye busara, aseme naye.

Mwonyesheni bwana kwamba karatasi zinamlinda yeye pia. Kifo hakichagui. Bibi akitangulia, kuna wakwe ambao nao watakuja kudai vitu vya binti yao.

Kwa mjane, na kwa mama anayeishi peke yake, ufunguo huu uwe kwa mtoto mkubwa mwenye akili, dada, ao rafiki wa miaka mingi. Huyo ajue kaye iko wapi, avoka ni nani, na nani anadaiwa. Si lazima ajue kila franga. Ajue njia.

Waketi pamoja

Kosa linaloonekana sana ni kwenda kwa kila mmoja kwa siri yake. Mtu wa hesabu anasema nunua kiwanja. Hajui kwamba kiwanja kina kesi. Avoka anasema andikisha; hajui kwamba minervali ya mwezi ujao haipo. Shemeji anasema uza. Hajui kwamba nusu ni ya bibi. Kila shauri linaonekana zuri, lakini yakikutana yanagongana.

Basi mara moja kwa mwaka, wiki mbili mbele ya kugawana, waketisheni mezani pamoja. Kaye ifunguliwe. Maswali ni matatu tu: tuna nini? Kipi hakina karatasi? Feza ya mwaka huu ianze wapi? Mara nyingi mtagundua kwamba feza ya kwanza isiende kununua kitu kipya, bali iende kutafuta karatasi ya kitu mlicho nacho. Nyumba moja yenye sertifika ni bora kuliko viwanja viwili vya maneno.

Kama avoka hawezi kuja, nendeni kwake na kaye, bibi na bwana pamoja. Na mkitoka, mtu mmoja aandike yaliyosemwa, na tarehe.

Wa kuwakimbia

Mshauri wa kweli anakwambia bei ya kazi yake mbele ya kuanza, anatoa risiti, na anakueleza mpaka uelewe. Hashiki feza yako. Hakuombi sertifika ya asili akae nayo; fotokopi inamtosha kusoma. Hataki alipwe kwa kipande cha kiwanja. Hakuhimizi utie sahihi leo karatasi ya Kifaransa usiyoisoma. Ukimwambia «ngoja nimuulize mwenzangu», hakasiriki.

Na yeyote anayekuahidi kwamba feza itazaa mara mbili kwa mwezi, mkimbie, hata kama anasali vizuri. Wazee wanakumbuka Bindo ya Kinshasa. Mwaka 1991 mambo yalianguka, na watu waliouza mali yao ili waingize feza wakabaki mikono mitupu. Leo jambo lilelile linakuja kwa simu, na jina jipya kila mwaka. Kooperativi ao shirika la mikopo linalopokea akiba za watu lazima liwe na kibali cha Benki Kuu ya Kongo. Kuomba kuonyeshwa kibali si matusi.

Kulinda karatasi

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na watu wa kando ya Goma walikimbia usiku. Wengi waliacha karatasi ndani ya nyumba, na lava haisomi. Vita nayo inakimbiza watu vilevile. Basi fanyeni hivi: karatasi za asili katika mfuko mmoja wa plastiki, mahali ambapo mnaweza kuushika gizani. Fotokopi kwa mwenye ufunguo wa tatu, ikiwezekana anayekaa mji mwingine. Picha za kila karatasi katika simu, na mumtumie mtoto ao dada picha hizo. Humo ziwemo karatasi ya ndoa, karatasi za kuzaliwa za watoto, kadi za uchaguzi, hati za kiwanja, kaye ya AVEC.

Kwa kumaliza

Mama mwingine atasema: mimi nina meza ya nyanya na mbuzi watatu, sina mali ya kupangia watu watatu. Mama, mwenye kidogo ndiye anayeweza kunyang'anywa vyote kwa siku moja. Kaye ya franga chache inatosha kwa kuanza, na karatasi ya kuzaliwa ya mtoto ni mali kama mbuzi.

Kazi ya wiki hii katika kikundi:

Kila mama aandike vitu vitatu alivyo navyo, na mbele ya kila kimoja aandike kama kina karatasi ao hakina. Asiyejua kuandika asaidiwe na jirani anayemwamini.

Mhesabu wenyewe mfano wa nyumba ya dola 12,000. Kisha mhesabu tena kama watoto ni 6.

Mjadili: katika kartie yetu, nani anaweza kuwa mwenye hesabu? Avoka gani tumwalike, na kila mmoja atoe ngapi?

Leteni majibu na maswali kwa katibu wa kikundi chenu. Wiki ijayo tutasema juu ya mkopo: wakati gani unajenga nyumba, na wakati gani unaibomoa.

Mbaki na amani.